Mtaalamu wa Kukaguliwa

Jumatatu, tarehe 11 Juni 1984

Jina langu liko ubaoni! Nimelisoma mara nne. Mara ya mwisho niliweka kidole juu yake, mpaka karani akaniuliza kama nimesahau kusoma. Kazadi Ntumba, kapita, yaani msimamizi, wa ekipe, kiwanda cha Shituru: wiki tatu za mafunzo Ubelgiji. Kuondoka Alhamisi tarehe 21, kwa ndege, kutoka Lubumbashi.

Kazadi Ntumba ndiye mimi. Nyumbani na parokiani naitwa Isidore. Serikali ililitoa jina hilo kwenye karatasi zamani, ilipokataza majina ya Kizungu, lakini haikuweza kulitoa mdomoni mwa mke wangu anapokasirika.

Mafunzo ni mazuri, nashukuru. Ila ukweli wenyewe ni Delphine. Binti yetu yuko Namur, huko huko Ubelgiji, mwaka wa sita sasa. Ameolewa kule na Benoît, kijana wa hapa kwetu, mtaa wa Kamatanda. Wana binti wa miezi mitano, Clémentine, ninayemjua kwa picha moja tu, na katika picha hiyo amefunikwa mpaka puani. Ubatizo wake ni Jumapili tarehe 24. Nilishaandika barua kuomba msamaha kwamba babu hatafika. Leo nimeweka tarehe hizo mbili kando kando, nikakaa chini. Nilikalia ndoo ya rangi. Suruali ya kazi imepata alama, lakini siku kama hii nani analilia suruali?

Chini ya jina langu kuna mstari wa pili. Tshibangu, yaani Germain, mwenzangu wa kazi. Mbadala. Wa kwanza akizuiliwa kwa sababu yoyote, hata mlangoni mwa ndege, wa pili anapanda. Kampuni haitaki kiti kiende kitupu.

Germain amenipa mkono wa pongezi. Ameushika muda mrefu, kama daktari anayetafuta homa.

Jumanne, tarehe 12 Juni

Tumepewa karatasi ya mashauri ya safari, kurasa mbili. Germain ameisoma yote, amesimama, midomo inacheza. Mimi sikuisoma. Kichwa chake kinasema: namna ya kupita ukaguzi wa uwanja wa ndege bila shida. Wanifundishe mimi kukaguliwa!

Miaka ishirini na miwili nakaguliwa kila siku ya kazi. Zamu ikiisha pale Shituru, tunapanga foleni langoni, maana shaba ina miguu, na kampuni inataka kujua kama haikutembea ndani ya kiatu cha mtu. Kila mmoja ana jetoni yake, kisahani cha shaba chenye namba. Yangu ni 1147. Unafika, unaweka jetoni mkononi mwa mlinzi, unanyoosha mikono juu, unatoa viatu, unafungua kopo la chakula, unazunguka, unakwenda zako. Wala huangalii nyuma. Anayeangalia nyuma ana kitu, huyo anarudishwa. Kesho asubuhi jetoni inakusubiri kwenye msumari wake.

Katika miaka yote hiyo sijakutwa hata na punje. Kwa hiyo nina mpango. Ukaguzi wa ndege nitaupita haraka kuliko Mzungu yeyote.

Nimeongea na Evariste, mlinzi wa zamu yetu. Amekubali kuja nyumbani kunifanyisha mazoezi. Mtu mwema sana. Amenipapasa mwili mzima miaka tisa na hajawahi kunifinya.

Jumatano, tarehe 13 Juni

Mazoezi uani. Meza ya kupigia pasi imekuwa meza ya ukaguzi. Evariste alivaa kofia yake ya kazi, nami nikaja na paspoti mpya na valizi tupu, sanduku langu la safari. Mara ya kwanza sekunde arobaini na moja. Kosa ni kamba za viatu. Nikavaa viatu vya marehemu shemeji, vinavyonizidi namba mbili, vinatoka vyenyewe nikitikisa mguu. Sekunde kumi na tisa! Paspoti mkononi mwake, mikono juu, viatu, valizi, zunguka, nenda.

Germain alipita na baiskeli yake akasimama kwenye uzio. Akauliza kwa adabu kama ni mimi nimekamatwa ao ni valizi.  Mtu anayefanya mazoezi hajibu.

Mke wangu Rosalie alikuwa anachagua maharagwe mlangoni. Tulipomaliza akainua kichwa. Kisha: "Baba Delphine, banakupeleka Bulaya ao banakupeleka ku buloko?"

Kwa neno hilo la jela Evariste alicheka mpaka kofia ikaanguka. Baadaye, akiwa anaondoka, alinigeukia akasema neno moja ambalo sijui kwa nini alilisema kwa huruma: "Mukubwa, ule wa ku ndege hatakujua. Minye njo ninakujua."

Nikamwambia hata kama ni yeye anayenijua, ukaguzi ni ukaguzi.

Alhamisi, tarehe 14 Juni

Asubuhi paspoti haionekani! Nimepindua godoro, kabati, sufuria. Rosalie amesali kwa Mtakatifu Antoni, mimi nimesali kwa sauti isiyofaa kwa mtakatifu. Saa moja kasoro robo Evariste akabisha hodi, paspoti mfukoni mwake. Aliondoka nayo jana, kama kawaida. Akaniletea asubuhi, kama kawaida. Nikaipokea, tukasalimiana, tukaenda kazini.

Rosalie alituangalia sisi wawili kwa zamu. Nilimuuliza shida iko wapi. Akasema hakuna shida, anashangaa tu.

Jumamosi, tarehe 16 Juni

Habari imefika mtaa mzima kwamba nasafiri. Hapa kwetu msafiri ni mali ya wote. Tangu asubuhi mlango haujafungwa. Mama Angèle, jirani wa kushoto, ameleta kilo nne za viwavi vikavu kwa mwanawe aliyeko Liège. Familia ya nyuma imeleta unga wa bukari, yaani ugali wetu, kwa sababu mtoto wao ameandika kwamba mkate wa kule haushibishi. Samaki wakavu. Sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa. Pilipili ndani ya chupa ya dawa. Kila mmoja anasema chake ni kidogo, hakitasikilika hata. Nawezaje kukataa? Delphine alipoondoka mwaka ule, ni watu hawa hawa waliokusanya makoti mpaka akapata moja linalomfaa.

Viwavi vya Mama Angèle vilikuwa vinatoboa mfuko. Nimevifunga ndani ya ile karatasi ya mashauri ya safari. Kurasa mbili, zimetosha vizuri.

Nimepeleka valizi kwenye mizani ya bohari. Kilo thelathini na nne. Ruhusa ni ishirini. Mtu mwingine angelia. Mimi nilikaa dakika tano tu, akili ikafanya kazi: vitu vya wenzangu vibaki valizini, nguo zangu zitoke. Nguo nitazivaa. Mwili wa msafiri hakuna anayeupima! Abakosti zangu, koti za heshima zisizovaliwa na tai, ni tatu, na bahati nzuri moja ilishonwa nikiwa mwembamba, moja nikiwa wastani, na moja ni ya sasa. Zinaingiana kama sufuria dukani. Baridi ya Juni iko upande wangu.

Jumapili, tarehe 17 Juni

Misani padri ametuombea wasafiri. Nimeinamisha kichwa, lakini jicho moja lilibaki kwa Germain. Alikuwa anasali kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Mtu anayesali vile anaomba kitu maalumu. Baada ya misa nikasikia amenunua valizi. Mpya, ya kufuli mbili!

Nilimwambia Rosalie kwamba Germain ananisubiri nianguke. Akasema kampuni imemwamuru awe tayari na paspoti na visa, sasa nilitaka apeleke nguo zake ndani ya gunia? Akauliza tena, mwaka nilipolazwa na tumbo, aliyenibeba mpaka hospitali kwenye baiskeli ni nani? Nilisema ile ilikuwa zamani. Akasema tumbo ni lile lile.

Jioni alinionyesha gauni la ubatizo. Ameshona kwa mkono, jeupe, na kidoti kidogo cha samawati kwenye kola ambacho amesema ni chake na Delphine, mimi hakinihusu. Yeye hasafiri. Mafunzo ni ya mtu mmoja. Alilikunja mara nne, akalifunga ndani ya kitambaa safi, akanipa bila kuachia upande wake.

"Utamuangalia na macho yangu," alisema.

Nikasema ndiyo. Tangu hapo nimekuwa naogopa kidogo, ila si sana. Sekunde kumi na tisa.

Jumatano, tarehe 20 Juni

Lubumbashi. Tumekuja na kamioneti ya kampuni, mimi na Germain na ajenti wa safari, ambaye ana kalamu tatu mfukoni na orodha ambayo haiachii. Mama mkubwa wa Germain ametulaza kwake na kutupikia kuku. Nashukuru sana. Kitanda nilipewa mimi. Germain amelala kwenye mkeka, eti anayesafiri apumzike. Usingizi haunijii, najiuliza ana maana gani.

Alhamisi, tarehe 21 Juni

Naandika juu ya mawingu. 

Nianze mwanzo. Mizani ya uwanjani ilisema kilo ishirini kamili. Mwenye mizani aliiangalia valizi, kisha akaniangalia mimi, mpana kama kabati ndani ya abakosti tatu, akasema Mungu anasaidia. Nikasema amina. Nikamuaga Germain kwenye kamba ambako wasindikizaji wanabaki. Alikuwa na valizi yake mkononi. Sikumwangalia usoni.

Foleni ya ukaguzi. Askari kijana, meza, na fimbo ya umeme inayolia ikinusa chuma. Mbele yangu mama mmoja alichukua dakika nne. Nilimhurumia. Zamu yangu ikafika.

Shida ya kwanza: jasho. Askari akauliza kwa nini natoka jasho hivi katika baridi. Akafungua abakosti, akakuta abakosti. Akafungua ya pili, akakuta kitambaa cha Rosalie, na chini yake abakosti. Hapo akaomba kiti. Foleni nzima ilikuwa inacheka, na mmoja akasema tusubiri, labda ndani kabisa kuna mtu. Askari akafungua kitambaa, akaona gauni. Nikamweleza. Hakucheka. Alilikunja upya mara nne, taratibu, kama lilivyokuwa, akanirudishia. Mungu ambariki kijana huyo na atakaowazaa.

Sasa nilikuwa nimepoteza muda mwingi na heshima kiasi. Nikaamua kufidia. Nikafanya kazi yangu jinsi ninavyoijua. Paspoti na tiketi mkononi mwake. Mikono juu. Nikatikisa miguu, viatu vya shemeji vikaruka. Fimbo ikanipita bila kulia. Nikavaa, nikazunguka, nikaenda zangu. Sekunde kumi na saba! Nyuma nilisikia mwananchi mmoja anaitwa, "Sitwayeni, sitwayeni!" mara tatu. Nikamhurumia huyo mtu. Sikugeuka. Mtaalamu hageuki.

Nikaingia chumba cha kusubiri, nikakaa karibu na kioo, nikatoa kwenye begi la mkononi mkate wa mama mkubwa, nikala nikiwa na amani ambayo sijawahi kuwa nayo tangu Pasaka. Wakaita watu wapande. Nilikuwa wa tatu. Binti wa mlangoni akanyoosha mkono, akaomba paspoti na tiketi.

Abakosti tatu zina mifuko kumi na miwili. Nimeipekua yote. Kisha nimeipekua tena kuanzia chini. Katika mfuko wa tisa vidole vilikuwa vinatafuta jetoni ya kazi, na jetoni iko kwenye msumari wake Shituru; hapo nikaelewa nilichofanya.  Nilikuwa nimeiacha paspoti langoni ili nikaichukue kesho asubuhi.

Ajenti akaja mbio. Nilimweleza. Nilipofika kwenye habari ya msumari alikuwa ameshaacha kunisikiliza. Hakunitukana, na ilikuwa vibaya zaidi. Alifungua orodha, akachagua kalamu. Akasema kiti hakiwezi kwenda kitupu, mlango unafungwa baada ya dakika kumi, na mstari wa pili yuko pale nje na paspoti yake.

Sikubisha. Haki ilikuwa yake. Niliwaza tu namna ya kumwomba Germain alipeleke gauni. Maneno niliyapanga kabisa: mwambie mtoto kwamba babu yake alikuwa mjinga lakini si mwizi. Kioo kilikuwa kimeanza kuwa na ukungu, ao ni macho yangu.

Mlango wa ukaguzi ukafunguka. Askari kijana mbele, Germain nyuma yake, anahema, na mkononi paspoti yangu na tiketi ndani yake.

Wa kwanza kusema ni askari, na alikuwa ameudhika kweli: "Sitwayeni, unaniachia paspoti na unaenda. Minye niende na yo wapi?" Alikuwa ameniita mpaka sauti ikakwama, halafu akatoka nje kuwauliza wasindikizaji kama kuna mtu anamjua Kazadi Ntumba.

Germain akaiweka mkononi mwangu akanikunja vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Shika. Na usimupe mutu tena," alisema. "Minye nilinyamaza kwanza. Nilihesabu mpaka kumi na nane, valizi mu mukono. Kisha nikakuona nyuma ya kioo, uko unakula mukate sawa mutoto wa masomo."

Nikamuuliza kwa nini kumi na nane.

"Makumi mbili njo ingekuwa zambi."

Nilitaka kumwambia kitu kikubwa. Kilichotoka ni kwamba kwenye begi la mkononi kulikuwa kumebaki nusu mkate. Akaupokea. Ajenti akaifunga kalamu yake. Nikapanda nikiwa wa mwisho, abakosti zimefunguliwa zote tatu, na kabla ya kuingia nikaangalia nyuma, mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Alikuwa pale kwenye kamba, valizi ya kufuli mbili chini, anakula.

Jumapili, tarehe 24 Juni, Namur

Clémentine ana pua! Ni ya Rosalie.

Gauni halikumwenea. Bibi yake alishona kwa kubahatisha, na mtoto amenona kuliko ubahatishaji wote. Delphine alifungua mshono wa mgongoni akabana kwa pini mbili, na padri hakuona. Kidoti cha samawati Delphine alikiona kabla hata sijafungua kitambaa vizuri. Akakiweka kidole, akaenda jikoni, akakaa huko kidogo. Benoît alitaka kumfuata. Nikamshika mkono nikamwambia hakituhusu sisi.

Maji yalipomwagwa mtoto hakulia. Alikohoa kama kapita anayeanza mkutano. Nilimwangalia kwa macho yangu kwanza, haraka. Kisha nikamwangalia polepole, kwa yale mengine.

Viwavi vya Mama Angèle vimefika vizima. Mwanawe alikuja kutoka Liège kwa treni kuvichukua, akasimama mlangoni akivinusa bila kuingia. Alisoma pia karatasi iliyovifunga. Akasema ni mashauri mazuri sana, nani ameyaandika?

Jumamosi, tarehe 14 Julai, Namur

Mafunzo yamekwisha. Nimejifunza mengi kuhusu tanuru, na walimu wamenipigia makofi. Kesho kutwa narudi Likasi. Namshukuru kila mtu: Mungu, kampuni, askari, Evariste, mwenye mizani. Na Germain zaidi ya wote. Nimemwandikia kadi mbili, lakini kadi si kitu. Mtu aliyenipa kiti chake anastahili zawadi yenye uzito.

Leo nimeipata, sokoni, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale. Saa ya ukutani! Sanduku la mbao, shaba ndani, pendulo inayoning'inia, na kengele inayopiga kila nusu saa. Shaba yenyewe huenda ilitoka kwetu, naipeleka tu nyumbani.

Benoît anasema ukaguzi wa Bruksel ni mkali siku hizi, kwa sababu ya watu wabaya wanaoficha mabomu ndani ya mizigo. Anashauri nifungue saa, nitoe pendulo, niiache isimame kimya, nifike mapema, niwaambie mwenyewe kabla hawajauliza. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ni mkwe mzuri, ana heshima, anampenda binti yangu. Ila hajakaguliwa sana maishani.

Mimi nimeshapanga. Kitu kinachofichwa ni kitu kinachonyamaza, kila mlinzi anajua hivyo. Kwa hiyo saa nitaifunga katikati kabisa ya valizi, ndani ya blanketi na waya kuizunguka isitikisike, na asubuhi kabla ya kutoka nitaijaza ufunguo mpaka mwisho. Itapiga tiki, taki, kwa nguvu, askari ataisikia toka mbali, naye atajua mara moja kwamba hakuna wasiwasi.